Tovuti ya siku moja inayouza viwanja "tangu 2009"

Meseji ya viwanja vya Dodoma ina mtindo wake. Inataja Iyumbu, Nala, Ihumwa au Mkonze. Vimepimwa, bikoni zipo, barabara zimechongwa, umeme umepita mbele ya kiwanja, vimebaki sita tu. Chini kuna linki na namba ya kulipia ada ya fomu, shilingi 30,000. Anayeipokea yuko Mbeya au Mwanza, amehamishiwa wizara iliyopo Mtumba, hana ndugu wa kumtuma akaangalie. Anafungua linki, anakuta tovuti safi yenye nembo, picha za mashamba, na maneno "tunakuhudumia tangu 2009".

Afisa TEHAMA wa halmashauri, au kijana wa UDOM anayejifunza usalama wa mtandao, akiletewa linki hiyo huanza na swali moja: ni nani huyu? Hapo ndipo kazi nyingi za kuchunguza kwa taarifa za wazi zinapopotea. Jina ni kitu rahisi kuficha, na rahisi zaidi kuazima la mwingine. Ushauri wangu ni kuanza na swali la lini. Mtu anayejenga tovuti feki huacha tarehe kwenye rejista asizozimiliki na asizoweza kuzifuta, na tarehe tano au sita zikipangwa mstari mmoja husema mengi kuliko jina lolote utakalolikuta.

Nitatumia kikoa (jina la tovuti) cha kutunga, viwanja-dodoma.example, pamoja na tarehe za kutunga. Mwisho wa .example umetengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano na hauuzwi, kwa hiyo hakuna wa kuonewa hapa.

Kabla ya kubofya, isome linki yenyewe. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Kwenye https://jiji.go.tz.viwanja-dodoma.example/fomu mwenye nyumba ni viwanja-dodoma.example, hilo jiji.go.tz lililotangulia ni pambo, yeyote anaweza kulibandika. Vikoa vya .go.tz hupewa taasisi za serikali tu, ndiyo maana matapeli hulipenda neno hilo na kulipachika mahali pasipo pake. Angalia pia mwisho wa linki. Ikiwa kuna alama ya # au ? ikifuatiwa na herufi ndefu zisizoeleweka, mara nyingi hiyo ni barua pepe au namba ya aliyetumiwa, imefichwa kwa base64. Ukiifungua nzima, tapeli anajua kwamba meseji ya fulani imefunguliwa. Ukiibandika nzima kwenye urlscan.io, tovuti ya kukagua linki, kwa mpangilio wa wazi, dunia yote inaisoma anwani ya mlalamikaji. Ikate kwanza, na kama inabidi kuchunguza ikiwa nzima, chagua mpangilio usioonekana kwa umma. Kosa hili hufanywa hata na watu wenye vyeti ukutani.

Sasa tarehe ya kwanza, ya kusajiliwa kwa kikoa. Iulize kwa RDAP, njia ya kusoma rejista za vikoa, kwa kuandika amri hii kwenye terminal ya kompyuta:

curl -sL https://rdap.org/domain/viwanja-dodoma.example

Hiyo -L usiiache, kwa sababu rdap.org yenyewe haina jibu. Inakuelekeza kwa mtunza rejista wa kikoa husika. Kwenye jibu tafuta sehemu ya events. Palipoandikwa registration ndipo kikoa kilipozaliwa, last changed ni badiliko la mwisho, expiration ni siku ya kuisha. Usihangaike na jina la mmiliki. Tangu sheria ya Ulaya ya faragha ilipoanza kutumika Mei 25, 2018, sehemu kubwa ya majina hayo yamefunikwa, na yasiyofunikwa mara nyingi ni ya uongo. WHOIS nayo, njia ya zamani ya kuuliza rejista hizo, kwa vikoa kama .com na .net, wasajili hawalazimiki tena kuitoa tangu Januari 28, 2025. Vikoa vya nchi, .tz kikiwemo, vina utaratibu wao. Huko amri ya whois bado ni ya kujaribu.

Tuseme jibu ni 2025-03-11T16:05:22Z. Z maana yake ni UTC, saa ya pamoja ya dunia, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapojikwaa. Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu, lakini saa zetu za mdomoni ziko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa sita. Njia ya mkato: toa tatu kwenye UTC, ikifika kumi na tatu toa kumi na mbili, ikishuka chini ya moja ongeza kumi na mbili. 16:05 inakuwa 13:05, yaani saa 1:05 usiku. 07:00 inakuwa saa 4:00 asubuhi. Kuanzia 21:00 UTC kwetu tayari ni tarehe nyingine: 22:30 ya tarehe 11 ni saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 12, na ukiandika "usiku wa tarehe 11" bila neno kuamkia, wakili ataichana ripoti yako. Mlalamikaji atasema alipokea meseji saa nne, simu yake itaonyesha 10:00, rejista itaonyesha 07:00. Zote tatu ni sahihi. Kwenye jedwali lako weka safu mbili, UTC na saa ya hapa kwa mfumo wa saa 24, na maneno ya mlalamikaji yaache kama alivyoyasema.

Tarehe ya pili ni ya cheti cha TLS, kile kinacholeta kufuli kwenye kivinjari. Tangu Aprili 30, 2018, Chrome hukataa vyeti vipya vya mamlaka za umma ambavyo havimo kwenye daftari za wazi. Daftari hizo zinasomwa bure crt.sh, andika kikoa, au %.viwanja-dodoma.example upate na vikoa vidogo vyake. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kila cheti huweza kuonekana mara mbili, cheti cha awali na kile kamili, kwa hiyo mistari minne inaweza kuwa vyeti viwili. Pili, na hili limewatia wengi aibu, Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, hurudisha nyuma saa ya kuanza kwa cheti kwa takriban saa moja, ili vifaa ambavyo saa zake zimechelewa visikikatae. Utakuta Not Before inasema 15:48 wakati kikoa kimesajiliwa 16:05. Cheti kimezaliwa kabla ya kikoa? Hapana. Fungua namba ya cheti uone muda kilipoingizwa kwenye daftari, utakuta kama 16:47. Huo ndio muda wa kuandika.

Usiondoke kwenye ukurasa huo kabla ya kusoma majina yaliyomo ndani ya cheti. Ukiona cpanel, webmail na mail vimeambatana, tovuti inakaa kwenye seva ya kukodi ya watu wengi. Ukiona kikoa kingine kabisa ndani ya cheti hichohicho, tuseme viwanja-morogoro.example, umepata ndugu yake tumbo moja. Aliyeomba cheti ilimbidi athibitishe kwamba anavidhibiti vyote viwili.

Tarehe ya tatu iko ndani ya ukurasa wenyewe, na naikubali kuliko zote. Wajenzi wa tovuti feki ni wavivu. Hunakili tovuti halali kwa programu na kubadilisha namba ya malipo. Fungua msimbo wa ukurasa kwa kuandika view-source: mbele ya anwani, kisha tafuta neno Mirrored. Programu ya HTTrack huacha maneno ya namna hii:

<!-- Mirrored from tovuti-halali.example/ by HTTrack Website Copier/3.x [XR&CO'2014], Tue, 11 Mar 2025 18:20:11 GMT -->

Humo mna mambo mawili kwa mpigo: tovuti iliyoibwa na dakika ilipoibwa, saa 3:20 usiku. Usidanganywe na 2014 iliyo kwenye mabano. Hiyo ni ya toleo la programu. Aliyenakili kwa kuhifadhi ukurasa kutoka kwenye kivinjari huacha saved from url, na namba iliyo kwenye mabano hapo ni idadi ya herufi za anwani, si tarehe wala msimbo wa siri. Ukiwa humo, angalia fomu inapeleka wapi taarifa inazozikusanya, tafuta linki za wa.me/255, na namba za takwimu za Google zinazoanza na G-. Namba ya takwimu ikijitokeza kwenye tovuti mbili, huenda mkono ni mmoja; lakini aliyenakili tovuti halali hunakili na namba yake pia, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba si ya aliyeibiwa.

Picha za tovuti nazo zina saa:

curl -I https://viwanja-dodoma.example/picha/nembo.png

Mstari wa Last-Modified ukiwepo, kwa kawaida ni muda faili lilipowekwa kwenye seva. Ni ushahidi dhaifu kidogo kwa sababu mwenye seva anaweza kuubadilisha, lakini matapeli wachache hukumbuka. Mwisho, weka anwani kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Kampuni ya "tangu 2009" yenye kalenda tupu hadi juzi inajieleza yenyewe.

Kuna hali moja inayoharibu hesabu hii yote. Kikoa kinakuja na umri wa miaka minane, kimejaa picha za zamani Wayback, na ukurasa wa viwanja umejificha kwenye folda kama /wp-content/uploads/fomu/. Hiyo ni tovuti ya mtu iliyovamiwa. Shule, kanisa, nyumba ya wageni, yeyote asiyesasisha WordPress. Tarehe ya kikoa hapo haina kazi. Tarehe za folda ndizo za kutafuta, na mwenye kikoa ni wa kupigiwa simu kwa upole, si wa kutuhumiwa. Kinyume chake pia hutokea: kikoa kilichoachwa kikaisha muda, kikanunuliwa upya. RDAP itaonyesha tarehe mpya ya usajili ilhali Wayback ina maisha ya mmiliki wa kwanza, labda duka la vipuri vya pikipiki.

Kuhusu anwani ya IP, yaani namba ya seva au kifaa kwenye mtandao, nitasema kwa kifupi kwa sababu watu huipa uzito usio wake. Ikiwa inaanza na 104.16 hadi 104.23, au 172.64 hadi 172.71, umefika Cloudflare, ambao ni walinzi wa mlangoni. Seva yenyewe iko nyuma yao. Ikiwa ni seva ya kukodi, mamia ya tovuti hushiriki IP moja na jirani si mshirika. Na barua pepe iliyotumwa kwa Gmail huonyesha seva za Google kwenye mistari ya Received (ile ya kichwa cha barua inayotaja seva ilizopitia), hivyo ramani ikikuonyesha California usiandike kwamba mtuhumiwa yuko Marekani. IP za mitandao ya simu nazo mara nyingi huonekana ziko Dar es Salaam hata kama simu iko Kondoa, na IP moja hubeba wateja wengi kwa wakati mmoja. Anayejua nani alikuwa nyuma yake dakika ile ni kampuni ya simu, na hiyo inajibu polisi.

Kwa barua pepe, soma mistari ya Received kuanzia chini kwenda juu. Neno spf=pass lisikupumbaze; linasema tu kwamba seva imeruhusiwa na kikoa kilichotuma. Tapeli akiwa na kikoa chake mwenyewe, atapita SPF, na pia DKIM ambayo ni sahihi ya kidijitali ya barua, bila shida yoyote. Cha kulinganisha ni kikoa kilichopita na kikoa ambacho barua inadai inatoka.

Namba ya simu ndiyo inayowatia watu tamaa. Ukianza kutuma pesa, jina hutokea kabla ya kuweka namba ya siri, na watu husitisha hapo wakiwa wameshajua "mwizi". Jina lile ni la aliyesajili laini. Tumesajili kwa alama za vidole, ndiyo, lakini kuna walioambiwa na msajili wa mtaani "weka kidole tena, haikusoma", na laini ya pili ikaondoka na mtu mwingine. Hao ni waathirika. Mwambie kila anayekuja kwako apige *106# aone laini zilizo chini ya namba yake ya NIDA. Kichwa cha namba hakithibitishi mtandao pia, kwani tangu 2017 mteja anaweza kuhama na namba yake. Andika namba kwenye jedwali pamoja na muda ilipoonekana kwenye ukurasa, basi.

Picha za viwanja zina tarehe ambazo haziko kwenye faili. Data za kamera, EXIF, mara nyingi hazipo: WhatsApp huzifuta picha ikitumwa kama picha, ila huziacha ikitumwa kama dokumenti, kwa hiyo mwombe mlalamikaji atume kwa njia ya pili kama yeye ndiye aliyepiga. Kwa picha ya tovuti, ipitishe TinEye, inayotafuta picha ilikowahi kuonekana mtandaoni, na upange kuanzia ya zamani zaidi, kisha Google Lens. Isipopatikana kokote, tazama nyasi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Picha ya "wiki iliyopita" ya mwezi Septemba yenye majani mabichi hadi magotini na mbuyu uliovaa majani haikupigwa Septemba, angalau si Nala. Kivuli nacho husaidia ukishajua kaskazini ya picha kwa kulinganisha barabara na ramani. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Juni na Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini, kivuli cha bikoni kinaelekea kusini. Desemba kinaelekea kaskazini. Jua hufika juu kabisa yapata saa 6:37 mchana, si saa sita kamili, ikipanda na kushuka kwa robo saa hivi kwa mwaka. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini, kivuli cha mchana karibu hakipo. Siku hizo mbinu hii iache.

Dai la "barabara zimechongwa" lina kipimo chake bure. Picha za setilaiti za Sentinel-2 hupatikana kila baada ya siku tano hivi, na nukta moja ni mita 10. Bikoni hutaziona, wala kiwanja kimoja, lakini gridi mpya ya barabara za udongo hujitokeza kama mistari hafifu iliyonyooka. Tumia picha za Juni hadi Oktoba. Za Februari mara nyingi ni mawingu matupu. Ukikuta pori halijaguswa hadi mwezi uliopita, tarehe nyingine imeingia kwenye jedwali.

Ukurasa wa Facebook unaobeba tangazo una sehemu ya uwazi inayoonyesha siku ulipoundwa na majina uliyowahi kutumia. Ukurasa wa 2017 unaoitwa leo kwa jina la mradi wa viwanja, na mwaka jana ulikuwa wa kubashiri mechi, umenunuliwa kwa ajili ya wafuasi wake.

Mpaka hapa jedwali la mfano wetu linasomeka hivi: kikoa Machi 11 saa 1:05 usiku, cheti kwenye daftari saa 1:47, tovuti halali imenakiliwa saa 3:20, meseji ya kwanza kwa mlalamikaji Machi 12 saa 4:00 asubuhi. Saa kumi na tano kasoro dakika tano kutoka usajili hadi kuomba pesa. Jedwali hilo ndilo la kupeleka, jina halijatajwa hata mara moja.

Hifadhi kabla ya kuripoti, kwa sababu ukurasa unaweza kuondoka ndani ya saa moja. Piga picha ya skrini ikionyesha anwani nzima na saa, hifadhi ukurasa kama faili, kisha tumia amri ya sha256sum kupata alama ya kipekee (SHA-256) ya kila faili na uandike matokeo kwenye daftari la karatasi pamoja na aliyefanya na lini. Ukikuta faili la kushuku, tafuta kwanza alama yake ya SHA-256 kwenye VirusTotal, tovuti ya kukagua mafaili hatari, bila kulipakia, maana unachopakia pale wateja wanaolipia wanaweza kukipakua, na fomu hizi zina vyeti na namba za NIDA za watu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kuziba zile za mwisho tu hakutoshi.

Usijaribu nywila yoyote kwenye ukurasa wao, hata admin/admin kwa udadisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi kama mwenye mfumo ni tapeli. Kuingia bila idhini ni kosa lako. Na majina ya watu utakayokutana nayo njiani hayapelekwi kwenye magrupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe pia.

Kuripoti ni barua tatu au nne fupi. Kwenye jibu la RDAP kuna anwani ya msajili yenye wajibu wa abuse, yaani ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya. Mwandikie kwa Kiingereza mistari mitano: anwani kamili iliyovunjwa kwa hxxps badala ya https ili isibofyeke, muda kwa UTC, tovuti iliyonakiliwa, mstari wa HTTrack, na picha ya skrini. Ya pili kwa mwenye seva. Ya tatu TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao. Namba ya simu inaripotiwa kwa meseji 15040, na mlalamikaji aliyekwisha lipa aende polisi na jedwali lako, achukue RB. Insha ndefu kuhusu ubaya wa matapeli hazisomwi na dawati la abuse la mtu yeyote.

Ukurasa ukishashushwa, chukua alama ya SHA-256 ya ile nembo.png uitafute urlscan.io kwa hash: kila Jumatatu kwa miezi miwili. Mvivu habadilishi nembo. Itatokea kwenye kikoa kipya cha siku mbili, safari hii viwanja viko Kibaha, na maneno ya chini bado yanasema "karibu Dodoma".